Namba Unayopiga Haipatikani

Ndugu msomaji, leo nimekuja na hasira, naomba univumilie. Hasira yenyewe ina namba ya simu. Tena namba nzuri, ile ya kuchagua ili iwe rahisi kukumbuka. Imechorwa kwa rangi nyekundu juu ya mlango wa duka, imechapwa kwenye mifuko na kwenye risiti, imebandikwa mpaka kwenye kioo cha Kirikuu ya kubebea mzigo. Ila ukiipiga, yule dada yetu asiyezeeka anakujibu kwa sauti ya upole kwamba namba unayopiga haipatikani kwa sasa, tafadhali jaribu tena baadaye.

Baadaye lini? Hasemi. Mwenye namba yuko wapi? Hasemi. Duka lipo au limefungwa, mzigo umeingia au umekwama bandarini, hela niliyotuma imefika au imeliwa? Dada hajui, na wala si kazi yake kujua. Ilikuwa kazi ya mwenye duka.

Mama mdogo wangu anauza vitenge Songea. Ana fremu moja tu, si tajiri. Kila baada ya wiki sita hivi anaagiza mzigo Kariakoo kwa mzee mmoja ambaye wamefanya naye biashara miaka minane. Utaratibu wao ni ule unaoujua: anapiga simu, anauliza kilichoingia, anatuma hela kwa simu, robota linapakiwa kwenye basi, kesho yake analipokea stendi. Miaka minane bila karatasi hata moja kati yao. Ni sauti tu.

Mwaka jana, kuelekea Krismasi, akatuma shilingi milioni moja na laki nane. Sehemu ya hela hiyo ilikuwa mkopo wa kikundi chao cha akina mama, na nyie mnajua mkopo wa kikundi ulivyo. Ukichelewesha, anayekuja kukudai ni jirani yako ambaye jana mlikuwa wote msibani. Akatuma, akapiga simu kuulizia. Haipatikani. Jioni, haipatikani. Kesho yake na keshokutwa vilevile. Siku ya nne akapanda basi. Kutoka Songea mpaka hapa ni zaidi ya kilomita 900, na mama mdogo ana miguu inayovimba. Nilimpokea usiku pale stendi ya Magufuli, Mbezi. Hakunisalimia. Alinishika mkono akasema, "Mwanangu, nimeibiwa."

Asubuhi tukaenda Kariakoo. Mtaa wa Congo, kwenye fremu anayoijua yeye, tukakuta kijana anauza viatu. Mama mdogo akakaa kwenye ngazi. Sijawahi kumwona akikaa chini barabarani. Yule kijana wa viatu, Mungu ambariki, akatuambia mzee hajafa wala hajakimbia, kodi ilipanda akahamia Narung'ombe, ghorofa ya pili, kule kwenye korido za ndani. Tukapanda. Tukamkuta dogo wa dukani, na nyuma yake, kwenye kona, robota limefungwa vizuri kabisa, limeandikwa kwa maka pen jina la mama mdogo na neno SONGEA.

Mzigo ulikuwepo. Hela ilifika. Hakuna aliyeiba chochote. Mzee alikuwa Guangzhou kufuata mzigo mwingine, laini ya duka alikuwa nayo mfukoni kulekule, imezima. Dogo alikuwa na robota ila hakuwa na namba ya mteja, na mteja alikuwa na namba ila hakuwa na mtu wa kuipokea. Basi. Siku nne za presha, nauli ya kwenda na kurudi, duka la Songea limefungwa msimu wa kuuza, kwa sababu hakuna aliyefikiria kwamba simu ya biashara inatakiwa kuongea hata mwenyewe asipokuwepo.

Sasa utaniambia, kaka, hilo tatizo lilishatatuliwa zamani, linaitwa voismeili. Kweli kabisa. Mmarekani mmoja, Gordon Matthews, alipewa hataza ya mfumo huo mwaka 1983 kupitia kampuni yake ya VMX kule Texas, na wateja wake wa mwanzo walikuwa makampuni makubwa, 3M likiwemo. Alikuwa anawatibu watu wa maofisini ugonjwa uleule wa mzee wetu: simu inaita, mhusika hayupo, anayepiga anaondoka na siri yake. Dawa ikawa mashine inayopokea, inayosema mhusika hayupo, inayoomba uache maneno yako. Kwa Kiswahili naomba niiite sanduku la sauti, kwa sababu sisi masanduku tunayajua. Nchi hii barua hazikufikishwa mlangoni. Ukitaka kuandikiwa unalipia sanduku la posta, unapewa ufunguo, unakwenda mwenyewe kufungua. Shikeni hapo kwenye ufunguo, na kwenye neno unalipia, nitarudi.

Simu za mkononi ziliingia Dar es Salaam mwaka 1994 na Mobitel, Vodacom wakaja mwaka 2000, Celtel mwaka 2001. Sanduku la sauti likaja nazo ndani ya begi moja. Nilikuwa mtoto lakini nakumbuka baba yangu akimpigia mtu, simu ikiita, halafu ghafla anakata kwa haraka kama ameshika mkaa wa moto. Kwa nini? Kwa sababu mashine ikishapokea, mtandao unahesabu kwamba simu imepokelewa. Salio linaanza kukatwa. Na kilichopokea ni sauti ya mama wa Kiingereza anayekuambia uache ujumbe baada ya mlio. Baba alikuwa na vocha ya kukwangua ambayo ilitakiwa imfikishe Jumamosi. Alipe kusikia Kiingereza cha mashine? Amwachie nani ujumbe, na ataujibu lini?

Ndiyo maana tukaamua kubipu. Watu wamedharau sana kubipu, wakaiita umaskini na ubahili. Mtafiti Jonathan Donner aliandika mwaka 2007 kuhusu kanuni za kubipu, akitumia utafiti alioufanya Rwanda miongoni mwa wafanyabiashara wadogo, akaonyesha kwamba ilikuwa lugha kamili: nani anambipu nani, kwa sababu gani, na nani anapaswa kulipa. Mwenye nacho ndiye anayepiga. Mwenye shida anabipu. Sanduku la sauti lilivunja kanuni hiyo katikati. Lilimwambia mwenye shida: lipa wewe, kwa sababu mimi sipo.

Na mimi naona babu zetu wa kukata simu walikuwa sahihi. Sanduku la sauti lilivyoletwa kwetu lilikuwa dhuluma ndogondogo. Gharama ya kutokuwepo kwa tajiri ilibebeshwa maskini anayemtafuta. Ila, na hapa ndipo ugomvi wangu unapoanza, tukatupa mtoto, beseni na maji. Badala ya kudai huduma itengenezwe upya kwa Kiswahili na kwa haki, tukakubali kurudi kwa yule dada wa haipatikani. Yeye hakati salio, sawa. Lakini hasemi kitu!

Kenya wameenda mbali zaidi. Mtandao kule unasema mteja wa nambari uliyopiga hapatikani, basi vijana wa Nairobi wamelifanya neno mteja lenyewe kuwa na maana ya asiyepatikana. Nimempigia, ni mteja. Huwa nacheka nikisikia, halafu nakumbuka kwamba Kariakoo ni kinyume chake. Anayepotea hapa si mteja wa mtandao, ni mteja wa duka. Yule aliyepiga.

Juzi usiku nilitembea Mtaa wa Msimbazi, kuanzia pale Fire mpaka makutano ya Uhuru, nikipiga namba za kwenye mabango. Mwaka 2025 tulizinduliwa biashara ya saa 24 Kariakoo, taa zikafungwa, hotuba zikatolewa, na mimi ni mwandishi wa habari, nilitaka kujua na simu nazo zinakesha? Nyingine ziliita mpaka zikachoka. Nyingine dada alinijibu. Moja ilipokelewa na mtoto aliyesema baba amelala, nikaona aibu nikaomba radhi. Bango moja lina namba nne za mitandao minne, nikadhani hapa nimefika. Zote nne kimya. Mwenye bango ana simu nne za kutopokea.

Kuna jibu ambalo nimeshalisikia mara nyingi, hasa kutoka kwenu wasomi wenzangu mnaojua masoko: siku hizi nani anapiga simu, watu wako WhatsApp. Kuna programu ya WhatsApp ya biashara tangu mwaka 2018, unaandika ujumbe wa kutokuwepo, mteja akikuandikia unamjibu wenyewe. Nzuri sana. Mimi mwenyewe naishauri. Ila soma masharti yake: kwenye ile programu ya kawaida, ujumbe huo unatumwa simu yako ikiwa na intaneti. Simu ikizima chaji, au bando likiisha, hakuna ujumbe unaotoka. Yaani inajibu kwamba haupo pale tu ambapo simu yako ipo! Na mzee wetu akiwa Guangzhou, akitumia intaneti ya kule, WhatsApp imefungwa na serikali ya China. Mpaka atumie njia za uchochoroni. Wenyeji wanatumia WeChat. Mama mdogo hana WeChat. Mama mdogo ana simu ya batani na nguvu ya kuuliza.

Tena tusijifanye tumesahau. Mei 2024 nyaya za chini ya bahari zilikatika, intaneti ikayumba nchi nzima. Mwishoni mwa Oktoba 2025, siku za uchaguzi, ikazimwa kwa siku kadhaa. Mwishoni mwa 2023 na mwanzoni mwa 2024 tulikuwa na mgao wa umeme, simu zinazima saa nane mchana kama kuku wanavyolala. Biashara iliyoweka mdomo wake wote kwenye intaneti ni biashara ambayo mtu mwingine ana kitufe cha kuinyamazisha.

Sanduku la sauti, pamoja na ushamba wake wote, lina jambo moja ambalo programu hizi nyingi hazina. Halikai kwenye simu yako. Linakaa kwenye mtambo wa mtandao. Simu yako iwe imezima, imeibiwa Gerezani, imeanguka kwenye ndoo ya maji, anayepiga bado anafika mahali. Ukilifungua kwa ndani utakuta si uchawi: ni kuelekeza simu tu, kwamba mtu akinikosa mimi mpelekeni kwenye namba ile, na namba ile ni ya mashine. Kumbe kama ni hivyo, namba ile inaweza kuwa ya mtu!

Hii ndiyo siri ambayo hakuna mtu anawaambia watu wa Kariakoo, na haihitaji simu janja wala fundi wa Aggrey. Chukua simu ya duka. Bonyeza nyota mara mbili, 62, nyota, namba ya msaidizi wako ikianza na +255, halafu reli, kisha piga. Simu ya duka ikizima au ikikosa mtandao, anayepiga ataangukia kwa msaidizi. Ukiweka 61 badala ya 62, itahama pale unapoacha kuipokea. Ukiweka 67, itahama ukiwa unaongea na mwingine. Ukitaka kujua umeelekeza wapi, anza na nyota, reli, 62, reli. Umechoka na mambo yote, reli mara mbili, 002, reli, yanafutika. Alama hizi ni za mfumo wa GSM wenyewe, si mali ya mtandao fulani. Ila fanya kabla ya kupanda ndege, na ijaribu: zima simu, omba jirani akupigie. Mtandao wako ukigoma, nenda dukani kwao ukadai.

Na bei? Anayepiga anakatwa kama kawaida, kama angekupata wewe. Kile kipande cha pili, kutoka kwako kwenda kwa msaidizi, kwa kawaida anakatwa aliyeelekeza, yaani wewe mwenye duka. Najua hapo utakunja uso. Uliza mtandao wako gharama kamili, usiniamini mimi. Lakini hata ukikunja uso, hiyo ndiyo haki niliyokuwa naitafuta. Hukuwepo wewe, lipa wewe. Sanduku la posta tunalilipia sisi tunaotaka kuandikiwa, hatujawahi kumtoza anayeandika.

Kama huna msaidizi wa kumwamini, na mtandao wako unatoa sanduku la sauti, basi liwashe, lakini kwa adabu. Usimwachie yule mama wa Kiingereza. Rekodi sauti yako mwenyewe, kwa Kiswahili, fupi, maana kila sekunde unayojisifu mtu mwingine anailipia. Muziki wa nini? Kwaya ya nini? Sema hivi tu: "Habari, umepiga duka la vitenge, Narung'ombe, ghorofa ya pili. Nimesafiri mpaka tarehe 14. Mizigo inatoka kama kawaida, mpigie kijana wangu kwenye namba hii. Au acha jina, mji wako na unachotaka, utapigiwa leo kabla ya saa kumi na mbili jioni." Namba ya kijana itamke polepole, mara mbili. Halafu mwisho wa safari urudi kufuta hiyo tarehe 14, kwa sababu kuna maofisi mjini hapa ambayo mpaka leo yanatutakia heri ya sikukuu iliyopita.

Angalia nilichoweka mwanzo kabisa: jina na mahali. Mama mdogo angesikia neno Narung'ombe tu, asingekaa kwenye ngazi za Mtaa wa Congo. Kariakoo inahama kila siku. Kodi inapanda, jengo linavunjwa, mwenye fremu anampa shemeji yake. Soko kuu lilipoungua usiku wa Julai 10, 2021, watu waliotawanyika walibaki na anwani moja tu, namba ya simu. Namba yenyewe tangu Machi 2017 unaweza kuhama nayo mtandao bila kuibadilisha. Laini zimesajiliwa kwa alama za vidole. Kwa maneno mengine namba yako imefungwa kwako kuliko fremu yako. Ndiyo duka lako la kweli. Na duka hilo ndilo unaloliacha wazi bila mtu wa kaunta.

Sasa ule ufunguo. Sanduku la sauti lina namba ya siri, na watu wengi wanaiacha ile iliyotoka nayo kiwandani. Taaluma yangu ina aibu kubwa hapa, naomba niitoe mwenyewe kabla hamjaitoa. Uingereza, gazeti la News of the World, lenye umri wa miaka 168, lilifungwa Julai 2011. Watu wake walikuwa wanaingia kwenye masanduku ya sauti ya watu na kusikiliza, na njia mojawapo ilikuwa rahisi kuliko unavyofikiri: namba za siri za kiwandani ambazo wenyewe hawakuzibadilisha. Waliingia mpaka kwenye sanduku la msichana wa miaka 13 aliyepotea mwaka 2002 na baadaye ikajulikana ameuawa. Fikiria sasa sanduku la duka la jumla: majina ya wateja, miji, nani ametuma kiasi gani, mzigo unaondoka na basi gani. Tapeli wa mjini hapa ahitaji nini zaidi? Badilisha namba ya siri siku unayowasha. Usiweke mwaka wa kuzaliwa, na usiweke 1234, tafadhali.

Na asikilize nani? Hapa ndipo biashara nyingi zitaanguka, kwa sababu kuwasha ni dakika tano na kusikiliza ni kila siku. Sanduku lisilosikilizwa ni baya kuliko yule dada wa haipatikani, dada angalau hakukuahidi. Teua mtu. Asubuhi kabla ya kufungua, mchana watu wakiwa kwenye chai, jioni kabla ya kuhesabu. Aandike kwenye daftari, amefanya nini na kila ujumbe, mwenye duka akirudi asome daftari, si kuhadithiwa.

Kuna rafiki yangu tuliyesoma naye chuo, tumebishana juu ya jambo hili mpaka kahawa imepoa. Anasema Mswahili hawezi kuongea na mashine. Salamu zetu zinataka majibu, anasema. Shikamoo bila marahaba ni kama kurusha mpira ukutani. Hoja tamu, ila imekufa. WhatsApp walileta ujumbe wa sauti mwaka 2013 na tangu hapo Waswahili hatujanyamaza. Yeye mwenyewe alinitumia sauti ya dakika sita wiki iliyopita, ndani yake anakohoa, anaagiza chipsi, anamkemea bodaboda, ndipo anafika kwenye jambo. Anaongea na mashine! Kinachomfanya aongee ni kujua kwamba nitasikiliza. Mama mdogo naye, ukimhakikishia kuna anayesikiliza, ataongea na jiwe.

Wateja wa Kariakoo siyo Songea peke yake. Kuna Wakongo wa Lubumbashi na Wazambia wa Lusaka ambao saa yao iko nyuma ya yetu kwa saa moja. Wewe unafunga saa kumi na mbili, kwao bado saa kumi na moja, wanapiga. Kuna Wangazija, kuna Wamalawi. Mei 2023 wafanyabiashara walipogoma siku tatu, kabla Waziri Mkuu Majaliwa hajaja kukutana nao Mnazi Mmoja, nilikuwa mitaani naandika habari. Madai ya kodi na usumbufu wao niliyaelewa na mengine niliyaunga mkono, Juni 2024 yakarudi tena. Lakini nilizungumza na wateja wa mikoani waliokaa nje ya maduka yaliyofungwa, wamebeba mabegi matupu, na wote walisimulia kitu kimoja: walipiga simu kabla ya kuondoka nyumbani, haikupokelewa, wakadhani ni shughuli nyingi. Mgomo ni haki yako. Kumwacha mtu apande basi kuja kwenye mlango uliofungwa si haki yako.

Na mimi je? Namba yangu iko chini ya habari zangu nyingi, kwa hiyo nayo ni ya biashara. Siku moja niliizima kwa siku mbili nikipumzika kijijini. Niliporudi nikakuta ule ujumbe wa mtandao kwamba namba fulani ilikutafuta mara saba. Nikapiga, haipatikani. Baada ya wiki nikaipata: mama mmoja alikuwa anavunjiwa nyumba siku ile na alitaka mwandishi afike. Nyumba haikuwepo tena. Sijui kama ningeweza kuzuia chochote, pengine nisingeweza. Lakini mara saba ni mara nyingi, na zote saba nilimjibu kwa sauti ya yule dada. Siku hizi simu yangu ikizima inaangukia kwa mwenzangu wa chumba cha habari, na yake kwangu.

Mitandao nayo isijifiche nyuma yangu. Nyinyi mna uwezo wa kumtumia mtu ujumbe wa bahati nasibu saa tisa usiku asiyouomba. Mnashindwa nini kumpa mfanyabiashara mdogo sanduku la sauti la Kiswahili ambalo anayepiga hakatwi, mwenye duka analipia kidogo kwa mwezi? Na mamlaka ya mawasiliano, TCRA, ambayo tangu 2003 ndiyo msimamizi wenu, haingepungukiwa kitu kuwauliza.

Wiki iliyopita nilirudi Narung'ombe. Mzee alikuwa amerudi zamani, tukasalimiana, akaniagizia soda. Nilimweleza yote haya, kwa heshima, maana ni mtu mzima na si mtu mbaya. Alisikiliza. Akaniambia alipotua na kuwasha laini zilimwagika namba zaidi ya anavyoweza kuhesabu, hajui nani ni nani, nani anadai na nani anataka kununua, akaamua kupigia zile anazozifahamu kwa kichwa. Akatoa simu. Tukaweka ile 62 kwenda kwa dogo. Tukaizima, nikapiga. Ikaita kwa dogo pale pale mbele yetu, naye akapokea kwa sauti kubwa: "Nani?"

Mzee akamwangalia. Dogo akakata, akaniomba nipige tena.

Mara ya pili alitaja duka, akataja mtaa, akauliza nimsaidie nini. Mzee akafurahi, akasema nimwambie dada yake wa Songea kwamba mambo yamerekebishwa. Jioni nikampigia mama mdogo nikamweleza. Akasema ni jambo jema, amsalimie sana. Ila mzigo wa mwezi huu ameshaagiza kwa yule mama wa Mtaa wa Swahili.